Somo la Redio: Historia ya Kumbukumbu ya Kompyuta, na Namna ya Kuichagua

Somo hili lilisemwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili upate kulisoma polepole, na kurudi nyuma pale ambapo maneno yalipita upesi. Kaa na kalamu na kipande cha karatasi, maana leo tutasoma tarakimu nyingi kuliko desturi yetu.

Huenda utauliza: mimi ni mkulima wa viazi, au ninauza vitunguu, habari za kompyuta zinanihusu nini? Zinakuhusu kwa njia ya mfuko wako. Siku hizi katika mji wa Mbeya, na katika mji wa Iringa pia, wako vijana ambao riziki yao ni kupiga picha za video katika harusi, katika kipaimara na katika nyimbo za kwaya, kisha huzikata na kuziunga kwa kompyuta mpaka zipendeze. Wako wengine ambao kompyuta ni ya michezo, yaani gemu, nao hukaa mbele yake kama bao lilivyochezwa na babu zetu. Siku moja kijana wako atakuja kusema, "Mama, kompyuta yangu ni nzito. Naomba hela nikanunue ramu." Au kikundi chenu kimepata mkopo wa halmashauri, na katibu anasema ya kwamba sehemu ya mkopo iende kwenye ramu. Fedha zitatoka, na mkopo hulipwa hata kama kitu kilichonunuliwa hakikufaa. Kama hujui kinachonunuliwa, utatoa fedha kwa kufumba macho, nawe umejifunza kusoma ili usifumbe macho tena.

Basi tuanze na jina lenyewe. Ramu ni kumbukumbu ya kompyuta. Lakini neno hili kumbukumbu lisikupoteze. Mtu wa Iringa akisikia "kumbukumbu" hukumbuka Kalenga, ambako limetunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka wa 1954, miaka 56 baada ya kifo chake cha mwaka wa 1898. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kuhifadhi. Ramu si kama hiyo. Ramu hushika jambo wakati kazi inafanyika tu. Umeme ukizimwa, husahau yote. Chombo kinachotunza kazi siku nyingi, hata umeme usipokuwapo, ni kingine, nacho huitwa diski.

Mfikirie mama muuza viazi sokoni. Nyuma ana ghala lenye magunia. Mbele ana meza. Mnunuzi hahudumiwi ghalani. Viazi huletwa kwanza mezani, hupangwa mafungu, ndipo biashara huendelea. Diski ni ghala, na ramu ni meza. Meza ikiwa ndogo, mama atakimbia ghalani na kurudi kila mara, na wanunuzi watanuna. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: ramu ikijaa, huanza kuitumia diski kana kwamba ni meza, na diski ina mwendo wa polepole mno kuliko ramu. Hapo ndipo kijana husema kompyuta ni "nzito". Angalia basi kosa ambalo watu wengi hulifanya dukani. Mtu huambiwa, "Kompyuta hii ina GB 500," akafurahi, naye ameonyeshwa ukubwa wa ghala, si wa meza.

Sasa kipimo. Kila herufi unayoiandika, kompyuta huishika kama baiti moja. Neno Mbeya lina baiti 5, na Iringa lina baiti 6. Baiti 1,024 ni KB 1. KB 1,024 ni MB 1. MB 1,024 ni GB 1, ambayo vijana huitamka jibii. Ukizidisha vizuri utaona ya kuwa GB 1 ni baiti 1,073,741,824. Usishtuke, hata wataalamu hawaihesabu kwa vidole.

Kumbukumbu ya namna hii haikuanza na vibanzi vidogo unavyoviona leo. Katika miaka ya 1950 ilitengenezwa kwa vipete vya madini ya chuma, vidogo kama punje za ulezi, vilivyotungwa katika nyaya nyembamba kama shanga. Bwana An Wang, Mchina aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya wazo lake juu ya vipete hivyo mwaka wa 1949; na Bwana Jay Forrester wa chuo cha MIT, pamoja na wenzake, waliifanya kumbukumbu ya namna hiyo ifanye kazi katika kompyuta yao iliyoitwa Whirlwind mwaka wa 1953. Kipete kikivutwa na sumaku upande mmoja, maana yake ni 1. Upande wa pili, maana yake ni 0. Kutunga nyaya hizo kulitaka mikono myepesi na macho makali, na viwandani kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na wanawake. Dada zetu wanaosuka vikapu vya milulu huko Iringa wangeielewa kazi hiyo upesi kuliko mimi.

Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilikuwa na kumbukumbu ya vipete hivyo. Iliwekwa Dar es Salaam, katika Wizara ya Fedha, mwaka wa 1965. Jina lake lilikuwa ICT 1500. Iliuzwa na kampuni ya Uingereza, lakini muundo wake ulikuwa wa kampuni ya RCA ya Marekani. Mitambo ya aina hiyo iliuzwa na meza za ukubwa mbalimbali, tukiufuata mfano wetu: ile ndogo ilishika herufi 10,000, na ile kubwa ilishika herufi 40,000. Somo hili unalolisoma lingeijaza ile ndogo kabla hujafika mwisho. Linganisha na ramu ya GB 8 ambayo leo mtu huitia katika mfuko wa shati: ramu hiyo inashinda ile meza kubwa ya wakati ule zaidi ya mara laki mbili.

Walakini vipete vilikuwa na sifa moja ambayo ramu ya leo haina. Umeme ukikatika, havikusahau, kwa sababu sumaku haihitaji umeme ili ibaki sumaku. Nadhani mafundi wengi wa video wa Uyole na Kihesa, ambao umeme umewakatikia katikati ya kazi ya harusi, wangetamani sifa hiyo irudi. Mpaka itakaporudi, dawa ni moja: kuihifadhi kazi kwenye diski kila baada ya muda mfupi, na kama kompyuta ni ya mezani, kuwa na betri ya kuishikilia mpaka uizime kwa utaratibu.

Wakati vipete vinatumika Dar es Salaam, huko Marekani Bwana Robert Dennard wa kampuni ya IBM alikuwa amepata wazo jingine mwaka wa 1966, na hataza akapewa mwaka wa 1968. Alisema: badala ya kipete, tutumie tone dogo la umeme ndani ya kibanzi. Tone likiwapo, ni 1. Lisipokuwapo, ni 0. Taabu ni kwamba tone hilo huvuja kama maji katika ndoo iliyotoboka, hata hapana budi lijazwe upya mara nyingi ndani ya kila sekunde moja. Yaonekana kama wazo baya, sivyo? Lakini tone moja huhitaji nafasi ndogo sana, na kwa hiyo matone mengi hukaa mahali padogo, na bei hushuka. Mwaka wa 1970 kampuni ya Intel iliuza kibanzi cha namna hiyo, jina lake 1103, kilichobeba matone 1,024, yaani kiasi cha baiti 128. Ramu yote inayouzwa katika maduka yetu ni mtoto wa wazo hilo la ndoo iliyotoboka. Ndiyo sababu husahau umeme ukizimwa: hakuna wa kujaza ndoo.

Turudi nyumbani. Katika mwaka wa 1969 vikundi vya watu wazima vilikusanyika kando ya redio katika kampeni iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua, wajifunze habari za Mpango wa Pili wa Miaka 5. Masomo ya namna hii yetu yana asili yake huko. Jina la kampeni lilikuwa na maana nzito: fedha hazitoshi kwa mambo yote, basi ukichukua hili, umeliacha lile. Miaka mitano baadaye, kompyuta zenyewe ziliingia katika hukumu hiyo. Kufika mwaka wa 1974 nchi ilikuwa na kompyuta 7 tu. Wataalamu walikuwa wachache, fedha za kigeni zilikuwa haba, na kazi ya kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mtambo ilikuwa imeharibika na kuleta hasara. Ndipo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Vijana wakisikia habari hii hucheka. Mimi sicheki. Marufuku ilikuwa pana mno, nayo ilichelewesha wengi. Ofisi na vyama vya ushirika vya nyanda zetu hizi viliendelea kwa daftari, kalamu na mashine za kupiga chapa kwa miaka mingi. Hata hivyo swali lililokuwa ndani ya marufuku lilikuwa swali la haki: mtambo huu tumeununua kwa kazi gani, na nani anayeweza kuifanya kazi hiyo? Swali hilo liliulizwa baada ya fedha kutoka. Lingeulizwa kabla, huenda marufuku isingehitajika.

Baadaye mlango ulilegezwa kidogo kidogo, kwanza kwa kuomba ruhusa, kisha biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuingia kwa wingi. Huku Bara stesheni za televisheni za watu binafsi zilianza mwaka wa 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Mbeya ilikuwa na Chuo cha Ufundi tangu mwaka wa 1986, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mwaka wa 2009 waya mkubwa wa mawasiliano wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikawa na nguvu zaidi. Kompyuta zilizokwisha kutumika nchi za nje zikapanda barabara kuu, zikapita Iringa, zikafika Mbeya. Nyingi za zile wanazonunua vijana ni za namna hiyo. Basi mnunuzi wa nyanda za juu hupokea mchanganyiko wa vizazi: moja ni ya mwaka wa 2010, nyingine ya 2018, zote juu ya meza moja ya muuzaji.

Nimesema vizazi, maana ramu nayo ina vizazi. Jina la ukoo ni DDR. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka wa 2000 hivi. DDR2 ilifuata mwaka wa 2003, DDR3 mwaka wa 2007, DDR4 mwaka wa 2014. Kanuni za DDR5 zilitangazwa mwaka wa 2020, nayo ikaanza kuuzwa madukani mwaka uliofuata. Kila kizazi kina mwendo zaidi na hutumia umeme kidogo zaidi kuliko kilichotangulia. Lakini jambo la kukushika mkono ni hili: kizazi kimoja hakiingii mahali pa kingine. Kila kipande cha ramu kina pengo dogo ukingoni, na pengo hilo huhamishwa kizazi hata kizazi, makusudi, ili mtu asikosee. Ukiona fundi anasukuma kwa nguvu, mwambie aache. Ramu huingia kwa kubonyezwa kidogo, siyo kwa kupigwa kama kigingi.

Na kwa nini video ihitaji meza kubwa namna hiyo? Hapa tukae kidogo. Picha ya video ni vitone vya rangi vilivyopangwa mistari. Picha moja ya video ile wanayoiita 4K ina vitone 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Zidisha katika karatasi yako. Utapata vitone 8,294,400. Kila kitone huhitaji baiti 3, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Basi picha moja ni baiti 24,883,200. Tena video si picha moja. Ni picha 25 au zaidi kila sekunde. Kwa hiyo sekunde moja tu ya bibi harusi akiingia ukumbini ni baiti zaidi ya milioni 600.

Utasema, mbona video ya saa nzima inaingia katika kadi ndogo ya kamera? Ni kwa sababu ghalani huwekwa ikiwa imekunjwa, kama mkeka. Mkeka uliokunjwa huegemezwa pembeni, hauchukui nafasi. Lakini huwezi kuukalia wala kuushona ukiwa umekunjwa. Hapana budi uutandike. Fundi wa video anapokata na kuunga, kompyuta huutandika mkeka juu ya meza, na pengine mikeka mitatu au minne kwa pamoja, mmoja wa kamera hii, mwingine wa kamera ile, na maandishi ya majina ya maharusi juu yake. Ndiyo maana watengenezaji wa programu ya DaVinci Resolve wanataka ramu ya GB 16, na GB 32 kwa kazi za kupamba picha. Wale wa Adobe Premiere Pro huruhusu GB 8, lakini hushauri 16 kwa video ya kawaida iitwayo HD, na 32 au zaidi kwa ile ya 4K. Picha ya HD iliyo kamili ina robo tu ya vitone vya 4K. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza kijana wako si "Unataka GB ngapi?" Mwulize, "Wateja wako wanataka video ya namna gani?" Kama harusi zote anazozipiga hutazamwa katika simu na kwenye televisheni ndogo, HD yatosha, na GB 16 humtosha.

Gemu nazo zina historia yake. Gemu ya GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka wa 2005, iliridhika na MB 256. Ndugu yake GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka wa 2015, haikukubali chini ya GB 4, na ilipendelea 8. Hiyo ni mara 16 ndani ya miaka 10. Lakini katika gemu ramu si mfalme peke yake. Kompyuta ya gemu huwa na kadi ya picha, yenye ramu yake yenyewe. Kadi hiyo ikiwa dhaifu, hata ukitia ramu ya GB 64 gemu itaendelea kukwama, kama gari lenye tangi kubwa na injini ya pikipiki. Mtu anayecheza tu, nisingemshauri alipe kwa GB 32 kabla hajaiangalia kadi ya picha.

Tena iko kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake, na kompyuta mpakato nyingi ziko hivyo. Hiyo hukopa sehemu ya ramu kuu ili ichore picha. Kwa kompyuta kama hiyo ni bora kutia vipande 2 vya GB 8 vinavyofanana kuliko kipande 1 cha GB 16, kwa sababu vipande viwili hupitisha mzigo kwa milango miwili. Vikitofautiana mwendo, chenye mbio humngoja mwenzake.

Sasa, kabla fedha haijatoka, kijana akae mbele ya kompyuta yake, wewe ukae kando yake. Afungue kazi yake ya kawaida, ile ile inayomtaabisha. Kisha abonyeze kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Katika kompyuta ya Windows itatokea orodha ya kazi zinazoendelea, na mahali palipoandikwa Memory pana asilimia. Hiyo waweza kuisoma mwenyewe. Ikiwa 90 au zaidi wakati kompyuta inalemewa, kweli meza imejaa, naye anastahili ramu. Ikiwa 50 au 60, na bado kompyuta inajikokota, ramu haina hatia. Pengine kosa ni la diski ya zamani inayozunguka, na hapo fedha hiyo hiyo ikinunua diski ya SSD, itamsaidia zaidi. Vijana wengi hawapendi kufanya jaribio hili, kwa kuwa wamekwisha kuamua mioyoni. Sisitiza.

Ukurasa huo huo, sehemu ya Performance, huonyesha pia nafasi za ramu ziko ngapi na ngapi zimejaa. Kompyuta mpakato nyingine, hasa zile nyembamba, ramu yake imeunganishwa na bodi kabisa, haiongezwi wala haitolewi. Jambo jingine ni la mashine za zamani. Zile zinazoendeshwa na Windows ya biti 32 haziwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata uongeze nini. Nimeona kikundi kimoja kikinunua GB 8 kwa ajili ya mashine ya namna hiyo. Ramu iliingia vizuri, taa zikawaka, watu wakapongezana. Na kompyuta ikaendelea kutumia GB 3 na kitu. Nne zaidi zilikaa pale bure, na mkopo ukaendelea kulipwa.

Jaribio likishasema ramu ndiyo inayohitajika, tufike kwenye lebo. Kila kipande cha ramu kina karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi kama haya: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Usiyaogope. Ya kwanza umekwisha kuijua, ni ukubwa. PC3 maana yake ni kizazi cha tatu, DDR3. PC4 ni DDR4, na PC5 ni DDR5. Herufi L ikifuata PC3, hiyo ramu hutumia umeme mdogo zaidi, volti 1.35 badala ya 1.5, ziko kompyuta mpakato zisizokubali isiyo na L. Namba inayofuata ni ya mwendo. Kisha tafuta herufi S au U baada ya namba hiyo. S ni kipande kifupi, cha kompyuta mpakato. U ni kirefu, cha kompyuta ya mezani. Katika PC4 huenda ukakuta herufi nyingine kati ya namba na S hiyo; iruke tu. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja aweza kuisoma lebo hii, akiijua alfabeti na tarakimu. Njia iliyo salama kuliko zote ni kufungua kompyuta, kunakili katika karatasi lebo ya kipande kilichomo, na kwenda nayo dukani kama vile uendavyo na nati ya zamani kwa muuza vipuri.

Katika miezi ya Juni na Julai, tunapovaa masweta mazito kwa ajili ya baridi ya Iringa na Mbeya, sufu huleta umeme mdogo ule unaokurushia cheche ukivua sweta usiku. Cheche hiyo yaweza kuua ramu bila wewe kuiona. Gusa chuma kitupu kwanza, na kamata ramu kwa kingo zake.

Ukinunua iliyotumika, na wengi wetu hununua hizo, usilipe kabla haijatiwa ndani ya kompyuta na kuonekana katika ukurasa ule wa Memory. Lebo hubandikwa na mtu, lakini kompyuta haibembelezwi. Andikisha risiti yenye tarehe na maneno ya lebo.

Jambo la bei nalo lina historia yake. Kwa miaka mingi tulizoea kusema, subiri, mwakani itashuka. Sehemu kubwa sana ya ramu ya dunia hutengenezwa na kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei zilipanda kwa ghafula, kwa sababu majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia yalinunua ramu kwa wingi mno, na viwanda vikageukia wateja hao wakubwa. Mpiga picha wa harusi wa Mafinga na tajiri wa California wakawa wanagombea kitu kimoja sokoni. Katika hali kama hiyo, kukosea kizazi au kununua GB 32 pale ambapo 16 ingetosha ni hasara inayouma kuliko zamani.

Kazi ya darasani. Mwalimu wako wa kisomo aandike ubaoni lebo hizi tatu, kila moja katika mstari wake:

8GB 2Rx8 PC3-12800U
8GB 1Rx8 PC4-2666V-S
8GB 2Rx8 PC3L-12800S

Kijana ameleta kompyuta mpakato yenye nafasi 2. Nafasi moja ina kipande chenye lebo 4GB 1Rx8 PC3L-12800S, na nyingine iko wazi. Someni kwa sauti, kisha amueni ni kipande kipi cha kumnunulia, na kila mmoja aeleze kwa nini amevikataa vile viwili vingine.